Maswali na majibu: Kizimba cha hamsta kiwe kikubwa kiasi gani, na mwenye duka akipate wapi?

Mwezi uliopita niliandika hapa kwamba dukani kwangu Dar es Salaam sitauza tena kizimba cha hamsta, yule mnyama mdogo wa jamii ya panya, kilicho chini ya mita moja kwa nusu mita. Nilidhani wateja ndio watakaouliza. Kumbe wengi walioandika ni wenye maduka wenzangu: vinapatikana wapi, vitakaa wapi dukani, na nani atavinunua. Leo najibu saba kati ya maswali hayo.

Swali: Nina agroveti Nakuru, na kwenye kona moja nauza sungura na hamsta. Msambazaji wangu ana vizimba vya sentimita 30 kwa 23 na anasema ndivyo vya kawaida duniani kote. Kikubwa ni kipi hasa?

Jibu: Vimeenea, hilo ni kweli, lakini kuenea si kufaa. TVT, chama cha madaktari wa mifugo cha Ujerumani kinachoshughulikia ustawi wa wanyama, kinataka kizimba cha hamsta mmoja kisipungue urefu wa sentimita 100, upana 50 na kimo 50. Kizimba cha msambazaji wako kina eneo la sentimita za mraba 690. Hicho cha TVT kina 5,000. Hata ukipanga saba vya kwako havikijazi.

Na hizo 5,000 ni mwanzo tu. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bern, Uswisi, walichapisha matokeo ya kuwaweka hamsta wa Syria kwenye vizimba vya ukubwa wa aina nne: sentimita za mraba 1,800, 2,500, 5,000 na 10,000. Hamsta walitafuna vyuma, dalili ya mnyama asiyeridhika, katika vizimba vyote, lakini waliokuwa kwenye vidogo walitafuna mara nyingi zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo mteja akikuuliza kama kuna kikubwa kupita hicho cha mita moja, usimvunje moyo. Mwambie fundi atamtengenezea.

Kuhusu kina cha tandiko, kumbuka mnyama huyu ametoka wapi. Karibu hamsta wote wa Syria wanaofugwa leo ni uzao wa mama mmoja na watoto wake waliochimbuliwa karibu na Aleppo mwaka 1930. Watafiti waliorudi maeneo hayo miaka mingi baadaye wakapima mashimo ya hamsta wa porini walikuta yana kina cha wastani wa sentimita 65, na kila shimo lilikuwa na hamsta mkubwa mmoja tu. Huyo ndiye tunayemtandikia maranda ya unene wa vidole viwili. Tandiko lisipungue sentimita 25, na kizimba kisichoweza kubeba kina hicho usikiagize, hata kiwe kirefu namna gani.

Swali: Naagiza mizigo kutoka Guangzhou, nina stoo Kariakoo. Nikiingiza vizimba vikubwa usafiri unakula faida yote, maana wakala anatoza kwa CBM, yaani kwa mita ya ujazo. Wewe unafanyaje?

Jibu: Tatizo lako ni hewa. Kizimba cha sentimita 100 kwa 50 kwa 50 kikisafiri kimeungwa kinachukua robo ya mita ya ujazo, kwa hiyo vinne vinamaliza CBM moja, na karibu chote unacholipia ni nafasi tupu. Muulize kiwanda maswali mawili kabla ya bei: je, kinafungwa bapa, vipande vipande, na boksi lake lina vipimo gani? Mwenye kiwanda asiyekupa vipimo vya boksi, achana naye, kwa sababu bila vipimo hivyo huwezi kujua kizimba kitakugharimu nini kikifika stoo.

Kisha muulize mambo matatu ambayo picha haziyasemi. La kwanza ni nafasi kati ya chuma na chuma. Vizimba vingi vya mita moja na zaidi vimetengenezwa kwa ajili ya sungura au simbilisi (guinea pig), na vyuma vyake vimeachana sana. Kwa hamsta wa Syria usizidishe sentimita moja. Kwa hamsta kibete usizidishe milimita saba. Kichwa kikipita, na mwili utapita.

La pili ni kina cha trei. Utaona kizimba kizuri, kirefu, lakini trei yake ya chini ina sentimita 12, na juu ya hapo ni vyuma vitupu. Maranda ya sentimita 25 yatamwagika sakafuni usiku wa kwanza na mteja atakurudishia. Ukishavinunua vya namna hiyo, mwombe fundi akate vipande vya akriliki vya kimo cha sentimita 30 avipachike kwa ndani, kuzunguka pande zote nne.

La tatu ni kimo, na hapa hata wazoefu hujikwaa. Hamsta wa Syria anahitaji gurudumu la kukimbilia lenye kipenyo cha sentimita 28 hadi 30, la sivyo anakimbia mgongo umepinda kama upinde. Gurudumu hilo na kitako chake linafika sentimita 32 au 33. Ndani ya kizimba cha kimo cha 50, chini yake inabaki nafasi ya maranda ya sentimita 17 tu. Utakuwa umemuuzia mtu kizimba sahihi na gurudumu sahihi visivyoingiliana. Mwelekeze amwage maranda kwa mteremko, upande mmoja sentimita 30, upande wa gurudumu 15. Ukipata kiwanda chenye kimo cha 60, chukua hicho.

Kwa anayetaka mfano wa kulinganisha, kampuni ya Savic ya Ubelgiji ina kizimba kinachoitwa Hamster Plaza, chenye vipimo vya 100 kwa 50 kwa 50. Sisemi ukiagize. Kichukue kama rula unapotazama vya wengine.

Swali: Huku Arusha hakuna msambazaji wa vikubwa. Fundi seremala anaweza kutengeneza? Na ataanzia wapi, maana hamsta hajawahi kumwona?

Jibu: Anaweza, na nakushauri uanze naye kabla hata ya kufikiria Uchina. Vizimba vilivyouzika haraka zaidi dukani kwangu vimetoka kwa seremala. Hana haja ya kumjua hamsta. Mpe vipimo na asivibadilishe.

Plaiwudi ya milimita 12 ina sentimita 244 kwa 122. Mwambie aikate mikanda miwili ya upana wa 50 kwa urefu wote, na kila mkanda autoe vipande viwili vya 100 kwa 50. Umepata vipande vinne. Kizimba kimoja kinataka vitatu: sakafu, mgongo, na cha tatu kinakatwa katikati kuwa mbavu mbili za 50 kwa 50. Kwa hiyo plaiwudi tatu zinakupa vizimba vinne kamili. Ule mkanda wa pembeni unaobaki, wa upana wa kama sentimita 21 baada ya kuliwa na msumeno, usimwachie fundi. Huo ndio kizuizi cha mbele cha kushikilia maranda. Juu yake panakaa kioo cha kuteleza. Mwambie mteja alimwage tandiko likiwa juu kuelekea mgongoni, lifike 30, na mbele lishuke usawa wa kizuizi.

Kifuniko ni fremu ya mbao na wavu wa robo inchi, ule mgumu wanaoanikia kahawa, si wavu wa kuku. Matundu ya wavu wa kuku yanapitisha hamsta, na waya wake unajikunja. Weka bawaba mbili na komeo. Ndani papakwe vanishi ya maji mara mbili, kikae wiki nzima mlango wazi mpaka pasinuke kitu. Kona na kingo zisiwe na ncha inayojitokeza ndani, kwa kuwa pale meno yanaposhika ndipo shimo linapoanzia.

Na usiondoke karakanani mikono mitupu. Maranda unayoyahitaji yako chini ya randa lake. Kizimba kimoja kikijazwa sentimita 25 kinameza lita 125, kwa hiyo hesabu magunia, si vifuko. Chagua maranda makubwa yasiyo na vumbi, na uyaepuke ya mierezi na mbao nyingine zenye harufu kali, kwa sababu mafuta yake yanamdhuru mnyama mdogo kwenye njia ya hewa. Changanya na nyasi kavu ili mahandaki yasibomoke.

Swali: Mombasa mafundi wa akwaria wapo kila kona. Niuze tangi la kioo badala ya kizimba?

Jibu: Tangi linafaa sana kwa kina cha tandiko, tena hakuna vyuma vya kutafuna. Halibebi maji, hivyo kioo cha milimita 5 kinatosha, na tangi la vipimo vile litakuwa na kilo kama 25. Mweleze mteja awe na meza imara. Silikoni iachwe mpaka harufu ya siki iishe kabisa.

Wasiwasi wangu ni joto la pwani. Kuta za kioo zisizidi upana wa tangi kwa kimo, na juu pote pawe wavu, si kioo chenye vitobo viwili vitatu. Lisikae dirishani hata kwa saa moja ya jua. Kwa nyumba isiyo na upepo, mimi ningemuuzia mtu cha mbao chenye dirisha la wavu ubavuni.

Swali: Nafanya kazi kwenye duka la wanyama Köln, Ujerumani. Bosi wangu anauza vizimba vya ghorofa tatu na anasema ukijumlisha sakafu zote eneo linafika. Yuko sahihi?

Jibu: Hayuko sahihi, kaka. Vipimo vya TVT ni vya sakafu moja isiyokatika. Hamsta ana macho dhaifu na hapimi vizuri umbali wa kwenda chini, kwa hiyo kila ghorofa ni mahali pengine pa kuanguka. Zaidi ya hayo, ghorofa haichimbiki. Watafiti wa Bern walilichunguza na hilo pia, mwaka 2006, wakiwapa hamsta tandiko la sentimita 10, 40 au 80. Waliopewa 10 ndio waliotafuna vyuma zaidi na kukimbia zaidi kwenye gurudumu. Ghorofa ya plastiki haina hata hizo 10.

Ulipo una nguvu kuliko sisi huku. Sheria ya Ujerumani ya kulinda wanyama inamtaka anayefanya biashara ya wanyama wenye uti wa mgongo awe na kibali, na amkabidhi mnunuzi maelezo ya maandishi kuhusu mahitaji ya mnyama. Anza na karatasi hiyo. Iweke kaunta, kando ya kizimba cha ghorofa tatu, umwombe bosi asome vyote viwili kwa utulivu. Usimwaibishe mbele ya wateja.

Swali: Shikamoo. Mimi ni kijana wa mauzo Nairobi. Wateja wananiambia, "Mnyama wa gramu mia na kitu, kizimba cha bei kuliko yeye mara kumi?" Wanakimbilia duka la jirani. Niwajibuje?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Usiwajibu kwa maneno. Weka kimoja kimejazwa, chenye hamsta ndani, mahali mtu anapokiona anapoingia, na vingine vikae bapa stoo ili visile nafasi. Duka likifungua hadi saa mbili usiku, mwambie mteja arudi saa hizo. Atamwona anatokeza kichwa shimoni, anajaza mashavu, anazama tena. Nimewaona wazazi waliokuja kununua kidogo wakisimama pale nusu saa.

Na nikuambie kilichonibadilisha mimi. Miaka ya mwanzo nilimuuzia mama mmoja kizimba cha sentimita 40, kizuri, cha waridi, kwa ajili ya binti yake. Baada ya miezi miwili walirudi na hamsta aliyenyonyoka manyoya juu ya pua, ngozi nyekundu. Wao walidhani ni ukurutu, wakataka dawa. Haikuwa ukurutu. Alikuwa anatafuna vyuma usiku kucha, na mtoto alikuwa akilala na ile sauti akiamini mnyama wake anacheza. Mimi ndiye niliyekiweka kizimba kile rafuni, na mama alinunua kilichokuwepo. Hakuniomba kidogo. Hakujua kuna kingine.

Wanaokwenda kwa jirani waache waende, ila usiwauzie hamsta wako. Na anayetaka wawili wakae pamoja ili wasiwe wapweke, mwambie hamsta wa Syria wakikua wanapigana hadi kuuana. Wawili ni vizimba viwili.

Swali: Nimekubali, lakini nina vizimba vidogo kumi na nne stoo na nilishavilipia. Nivitupe?

Jibu: Usivitupe. Ng'oa gurudumu na ngazi za ndani, uviuze kama vya kubebea mnyama kwenda kwa daktari, au vya kumweka kwa nusu saa kizimba kikubwa kinaposafishwa. Bandika karatasi juu ya kila kimoja yenye maneno hayo hayo, kwa herufi kubwa, na bei iwe ya chini kiasi kwamba mtu akinunua kikubwa anaweza kuongeza na kidogo. Baki na viwili kwa ajili ya duka lako, utavihitaji hamsta wapya wakifika kabla hujawahamishia kwenye vikubwa. Mzigo ukiisha, mpigie msambazaji umwambie kwa nini huagizi tena, na umtajie vipimo unavyotaka. Wangu alinicheka mara ya kwanza. Mara ya tatu aliniuliza nitachukua vingapi.