Umeme Ukikatika, Uangalie Zaidi Wakati wa Kurudi: Ushauri kwa Wafugaji wa Samaki wa Tangini

Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, umeme ulipokatika karibu Kenya nzima, nilikuwa na tangi la futi tatu sebuleni kwangu Tudor, Mombasa, lenye maji yapatayo lita 120 na samaki wa dhahabu wanne niliowalea tangu wakiwa na urefu wa kidole gumba. Sikujishughulisha nao. Nilidhani, kama walivyodhani majirani waliokuwa wametoka roshani kupunga upepo, kwamba baada ya saa moja au mbili taa zingewaka. Kwetu hazikuwaka hadi siku ya pili, na kufikia magharibi ya siku hiyo samaki watatu walikuwa wamekufa. Kilichoniumiza na kunifundisha ni kwamba wote wanne walikuwa hai, ingawa wamechoka, mpaka dakika ile stima iliporudi.

Samaki hasumbuliwi na giza. Tatizo ni hewa. Maji hupata oksijeni kwenye uso wake, na kazi ya pampu na kichujio ni kuuvuruga uso huo ili hewa iingie na maji ya chini yapande juu. Pampu ikinyamaza, samaki huendelea kutumia kile kilichobaki, na mimea ya majini, ambayo mchana huwasaidia, usiku huwa nayo inavuta oksijeni ileile. Joto letu la pwani huongeza uzito wa jambo hili: maji ya nyuzi 25 huweza kushika takribani miligramu 8 za oksijeni kwa lita, lakini yakifika nyuzi 30, kama yanavyofika kwa urahisi miezi ya kaskazi, hushika kama 7 na nusu tu, na wakati huohuo mwili wa samaki hudai hewa zaidi kwa sababu ya joto hilohilo. Ndiyo maana ushauri wa nchi za baridi, wa kulifunika tangi kwa mablanketi, haufai hapa Mombasa. Sisi hufungua kifuniko, tukatandaza wavu juu ili samaki asiruke, na tukafungua madirisha.

Dalili ya kuishiwa hewa haifichiki. Samaki wote hupanda juu, wakaweka midomo kwenye uso wa maji na kuifungua na kuifumba upesi upesi, huku mashavu yakipiga bila kupumzika. Mmoja akipanda mara moja na kushuka, si neno. Samaki wa aina ya beta na gurami wasikutishe kwa kupanda kwao, kwa kuwa wana kiungo maalumu cha kuvutia hewa ya juu ya maji, nao huvumilia kuliko wengine. Samaki wa dhahabu hawana bahati hiyo.

Njia bora ya kuwapa hewa bila umeme nilifunzwa na mamangu, ambaye hajawahi kufuga samaki maishani mwake. Safari iliyofuata umeme ulipokatika alikuwa amekuja kututembelea kutoka Kisauni, akanikuta nimesimama mbele ya tangi na tochi ya simu.

"Hiyo mashine yako hasa hufanya nini?" akauliza.

"Hutia hewa majini, mama."

"Basi si uyapige hayo maji mwanangu, kama unavyopoza uji?"

Akaiondoa kata ya kifuu juu ya mtungi, akaisuuza, akachota maji ya tangi, akainua mkono kiasi cha shibiri mbili na kuyamimina taratibu yaanguke kando ya kioo, mbali na samaki. Alirudia hivyo huku akizungumza nami habari za harusi ya binamu yangu, na baada ya muda usiozidi robo saa samaki waliokuwamo walikuwa wameshuka katikati ya tangi. Tangu hapo mimi hupiga maji dakika tano kila nusu saa, na wakianza kupanda juu kabla ya muda huo, huongeza. Kikombe hufaa pia, lakini kata ina mpini mrefu na mkono hauchoki upesi.

Sasa nirudi kwenye wale watatu waliokufa. Kichujio changu kilikuwa cha aina ile inayofungwa kwa vibanio na kuwekwa kabatini, chini ya tangi. Ndani ya sponji zake huishi bakteria wanaoibadilisha amonia, ambayo ni sumu itokayo kwa samaki wenyewe na kwa mabaki ya chakula, kuwa kitu kisicho na madhara makubwa. Bakteria hao nao wanahitaji oksijeni, na huipata kutoka katika maji yanayopita. Maji yakisimama ndani ya chombo kilichofungwa, oksijeni huisha katika muda wa saa chache, bakteria huanza kufa, na uchafu wote uliokusanyika huoza. Stima iliporudi mimi nilishangilia, na pampu ikasukuma uozo wa mchana kutwa ndani ya tangi kwa pumzi moja. Niliyaona maji yakitoka rangi ya chai kwenye bomba, na harufu ilikuwa ya yai viza. Badala ya kuchomoa plagi, nikaenda kuchaji simu.

Kwa hiyo umeme ukikatika, chomoa kila kitu. Ukipita muda wa saa moja au mbili bila dalili ya kurudi, fungua kichujio, toa sponji na uziweke ndani ya tangi lenyewe, zipate maji unayoyapiga. Yale maji yaliyosimama ndani ya chombo yamwage. Usizioshe sponji kwa maji ya bomba, kwani klorini itawaua bakteria unaojaribu kuwaokoa; zikamue ndani ya ndoo yenye maji ya tangi.

Chakula, usiwape kabisa. Samaki mzima mwenye afya hukaa siku kadhaa bila kula, na kila unachomtupia hugeuka amonia. Hili lina uzito wa pekee kwa sisi tunaotumia maji ya visima, kwa sababu kisiwa chetu kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe na maji yake yana chokaa nyingi. Katika maji ya namna hiyo, tena ya moto, amonia huwa kali zaidi. Umeme ukirudi, badilisha robo ya maji. Ya bomba yakae kwanza kwenye ndoo iliyo wazi kwa siku nzima ili klorini itoke, na kwa hiyo ndoo hiyo haina budi kuwa imejaa kabla ya kuhitajika.

Yako mambo mawili ambayo watu huyasahau. Pampu ya hewa ikikaa chini ya kiwango cha maji, ikizima maji huweza kurudi nyuma kupitia mrija hadi sakafuni. Iweke juu ya tangi, au ununue ile vali ndogo ya kuzuia maji kurudi, ambayo bei yake ni ndogo kuliko ya mkeka wangu. La pili ni dawa ya mbu. Feni zikizima, mbu huingia, nasi tunawasha dawa ya kuchoma au kupuliza ya kopo. Nyingi kati ya dawa hizo zina viini vya jamii ya pareto, ambavyo ni sumu kali kwa samaki, na pampu ya betri iliyo chumbani humo huvuta moshi na kuupeleka moja kwa moja majini.

Kuhusu pampu ya betri, mimi nimetulia kwenye ile ndogo ya waya wa USB inayotumia wati moja na nusu hivi. Pawabenki ya mAh 10,000 hubeba kama wati-saa 37, na ukiondoa kinachopotea njiani, pampu hiyo itafanya kazi kwa muda wa saa 20 hivi. Lakini ijaribu kabla ya kuitegemea, kwa sababu baadhi ya pawabenki zikiona kinachochajiwa kinavuta umeme kidogo sana hudhani hakuna kitu na kujizima. Yangu ya kwanza ilijizima nilipokuwa bado sijafika jikoni. Niliyonayo sasa niliichukua Mwembe Tayari baada ya kumwomba muuzaji aniruhusu nisimame pale dukani nusu saa, pampu ikitoa mapovu ndani ya gilasi ya maji.