Ukakasi si ubovu: chupa tatu za mwisho wa wiki

*Meza na Glasi: maswali ya wasomaji*

Dada, habari za Dodoma. Jumamosi iliyopita mimi na mume wangu tulifungua chupa mbili za mvinyo mwekundu, moja ya huko kwenu na nyingine ya Afrika Kusini. Tumezoea ule mtamu. Hii ilikuwa mara yetu ya kwanza kununua usio na sukari. Funda la kwanza tu mdomo ukakauka kama nimetafuna ndizi mbichi, na puani nikapigwa na harufu kali ya spiriti. Mume wangu anasema umeharibika, turudishe dukani. Mvinyo ulioharibika unajulikanaje? Na ninyi mnaoandika "ladha ya cheri nyeusi" mnaipatia wapi? Mimi cheri nyeusi sijawahi kuiona.
*Msomaji wa Kihonda, Morogoro*

Mdogo wangu, chupa usirudishe. Hilo la kwanza umelijibu mwenyewe uliposema ndizi mbichi. Ulichokutana nacho ni ukakasi, na neno hilo unalo tangu utotoni. Bibo lina ukakasi, zambarau lina ukakasi, na chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni majani yakiwa ndani ina ukakasi. Kwenye mvinyo mwekundu unatoka katika maganda na mbegu za zabibu. Zabibu nyingi nyekundu ukizikamua, juisi yake hutoka karibu haina rangi. Ili iwe nyekundu lazima ichachuke pamoja na maganda yake kwa siku kadhaa, wakati mwingine wiki mbili au tatu, na maganda yakitoa rangi yanatoa na ukakasi. Wataalamu wanauita tanini. Unashikana na mate, ule utelezi wa mdomoni unapotea, ndiyo maana ulimi unabaki unakwaruza. Katika mvinyo mtamu upo pia, ila sukari inaufunika.

Harufu ya spiriti nayo ni habari ya joto. Mmesoma mahali kwamba mvinyo mwekundu usinywewe wa baridi, unywewe kwa joto la chumba. Chumba kinachosemwa ni cha Ulaya, chenye nyuzi 16 hadi 18. Sebule ya Morogoro mwezi Desemba ina nyuzi 30, na katika joto hilo kilevi ndicho kinachowahi kuruka puani kabla ya kitu kingine chochote. Nilihudumia meza katika hoteli moja Dar es Salaam kwa miaka saba. Miaka yote hiyo chupa nyekundu zilikaa rafu ya juu nyuma ya kaunta, chini ya taa, na wageni waliacha glasi nusu mezani. Siku moja friji ya bia ilipata nafasi, nikaziingiza sita saa kumi jioni kwa ajili ya meza ya saa kumi na moja. Meza ile waliagiza chupa ya pili, kisha ya tatu. Tangu siku hiyo sijamimina mvinyo mwekundu uliotoka rafuni moja kwa moja. Nusu saa ndani ya friji inatosha. Kama umeme umekatika, beseni la maji yenye barafu kwa dakika 15.

Sasa nikuhadithie mwisho wangu wa wiki, kwa sababu swali lako la cheri linajibika vizuri zaidi hivyo.

Ijumaa nilifungua Makutupora. Ni zabibu nyekundu iliyobeba jina la mahali, kaskazini mwa mji wetu, pale pale penye visima vinavyotuletea maji bombani na penye kituo cha utafiti wa zabibu. Nilikaa barazani kwa mama, chupa ndani ya beseni, nikamimina robo ya glasi tu. Katikati rangi yake ni ya zambarau lililoiva, ukingoni inafifia kuwa waridi. Mwanzoni haikunukia kitu. Nikaizungusha glasi mara kadhaa, nikaingiza pua, na hapo ikaja zambarau, ikifuatiwa na ile harufu ya vumbi la uani linapopigwa na matone ya kwanza ya mvua mwezi Desemba. Sikuitafuta, ilikuja yenyewe, na nikanyamaza kidogo. Mdomoni uchachu wake ni wa ubuyu: unapita pembeni mwa ulimi na mate yanatiririka. Ukakasi upo, mwembamba. Kasoro yake ni kwamba haikai. Ukimeza, ukihesabu hadi sita imekwisha.

Chakula kilikuwa ugali wa uwele na mlenda, na nitasema kweli, havikupatana. Utelezi wa mlenda uliuvua mvinyo kila kitu ukabaki kama maji yaliyotiwa siki. Nilikuwa karibu kuiweka chupa pembeni. Mama akaleta sahani ya mbavu za mbuzi zilizobaki mchana, za kuchoma, zenye chumvi na ndimu, mafuta yake yameganda kidogo. Nikatafuna ubavu mmoja, nikanywa. Ukakasi uliondoka! Mafuta na nyama viliuchukua, zambarau likarudi, safari hii likiwa tamu. Hilo ndilo nataka ulijaribu na hizo chupa zako mbili kabla ya kuhukumu. Mvinyo wa namna hii haukutengenezwa unywewe mkavu mkavu mbele ya runinga.

Nausema mvinyo wa Dodoma kwa uchungu kidogo, kwa sababu baba yangu analima zabibu Hombolo na mimi nimekua na mkasi mkononi. Mizabibu ya Ulaya hupukutisha majani na kulala wakati wa baridi. Huku hakuna baridi ya kuilaza. Anayeiamsha ni mkulima: ukipogolea, inachipua, ndiyo maana tunavuna mara mbili kwa mwaka. Zabibu za msimu wa mvua zinanywa maji mengi na ukungu unaziandama. Za kiangazi, zile tunazokata mwezi Agosti na Septemba, zina sukari nzito hadi vidole vinanata kwenye mkasi. Ni mivinyo miwili tofauti. Kila nikiona chupa yetu isiyo na mwaka wala msimu juu ya karatasi yake nasikitika, maana mchele wenyewe hatuuzi bila kusema ni wa Kyela au wa Shinyanga.

Jumamosi ilikuwa zamu ya Pinotage ya Afrika Kusini. Huenda hata chupa yenu ya pili ilikuwa hiyo. Zabibu hii haikuokotwa porini. Mwaka 1925, huko Stellenbosch, Profesa Abraham Perold alichanganya mbegu ya Pinot Noir na Cinsaut, zote za Ufaransa. Kwa kuwa wakati huo Cinsaut kule iliitwa Hermitage, mtoto akaitwa Pinotage. Hii haihitaji kubembelezwa. Ukizibua tu, moshi: ule wa jiko la mkaa linapoanza kushika. Nyuma ya moshi kuna forosadi zilizoiva hadi kupasuka, na mwisho kahawa iliyokaangwa sana, ambayo naamini inatoka kwenye pipa, kwa sababu mapipa ya mwaloni huchomwa kwa ndani kabla ya kutiwa mvinyo. Ukakasi wake ni mnene kuliko wa Makutupora, unashika hadi kwenye fizi. Nilikula na mishkaki ya ng'ombe iliyoungua kidogo pembeni, na moshi ukakutana na moshi. Kilevi chake kilikuwa asilimia 14, nami glasi mbili zilinitosha. Mdogo wangu wa kiume alikunywa ya tatu akalala kwenye kochi na viatu.

Ya Jumapili nitaipitia haraka. Malbec ya Mendoza, Argentina. Asili yake ni Ufaransa, upande wa Cahors, ikavushwa bahari na kufika Argentina mwaka 1853, na leo kule chini ya milima ya Andes ndiko inakojulikana zaidi. Rangi nyeusi karibu wino. Ladha ni ya plamsi, zile zinazouzwa kwa ndoo barabara ya Lushoto, ukila na ganda lake. Laini, haina ugomvi na mtu. Kosa lilikuwa langu: niliandaa pilau na kachumbari yenye pilipili mbuzi mbili. Pilipili na kilevi vikikutana mdomoni vinaongezeana moto, na baada ya vijiko vitatu sikusikia tena plamsi wala nini. Pilau yenyewe ilipatana nayo, karafuu na mdalasini vikaijaza. Kachumbari ndiyo uilete bila pilipili.

Kwa hiyo cheri nyeusi iache kwa anayeijua. Mwandishi wa London anaandika cheri kwa sababu alikula cheri utotoni. Wewe umekula zambarau, ukwaju, furu na bibo. Glasi ikikukumbusha ukwaju, sema ukwaju. Jaribu na mumeo Jumamosi hii: kila mtu anuse kimya, aandike maneno mawili kwenye karatasi, ndipo muonyeshane. Na usimcheke akiandika "duka la vifaa vya ujenzi". Huenda ni kweli.

Kuhusu ubovu, pua itakuambia. Mvinyo uliokwisha kuharibika hunuka siki, au ile dawa ya kutolea rangi ya kucha. Ukinuka gunia lililolowa au karatasi zilizokaa stoo yenye unyevu, kizibo ndicho kilichoingia kasoro, na hapo una haki ya kurudisha. Tatu, mvinyo uliopikwa na jua. Mwaka jana nilinunua chupa ya bei kubwa katika duka moja hapa mjini, iliyokuwa imepangwa dirishani kama pambo. Nyumbani nikaona kizibo kimesukumwa juu kiasi cha unene wa shilingi. Ndani, wekundu umegeuka rangi ya ukwaju, na ladha ni ya zabibu kavu zilizochemshwa. Niliumia sana, si kwa hela tu. Mtu alipogolea ile mizabibu, akavuna, akasubiri miaka, na kazi yake ikaishia kwenye kioo cha dirisha. Kabla hujalipa, gusa chupa. Ikiwa ya moto, irudishe rafuni. Ila machicha meusi yaliyotulia chini ya chupa yasikutishe. Ni rangi na tanini zilizozama. Mimina polepole, uyaache humo.

Dada, nina miaka 61 na natumia dawa za presha. Kijana wangu ameniletea katoni ya mvinyo mwekundu, anasema glasi moja kila jioni inalinda moyo. Ni kweli?
*Mzee wa Sakina, Arusha*

Shikamoo baba. Kijana amekuletea kwa upendo, na maneno hayo yamezunguka miaka mingi, lakini usiyachukue kama dawa. Shirika la Afya Duniani lilitamka wazi mwezi Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha kilevi kisicho na madhara kwa afya, na kilevi cha kwenye mvinyo ni kile kile cha kwenye bia na konyagi. Zaidi ya hapo, kilevi chenyewe hupandisha presha, na kuna dawa za presha zisizopatana nacho. Chukua pakiti ya dawa zako, nenda nayo kwa daktari anayekutibu, umuulize ukiwa na jina la dawa mkononi. Akikukataza, mtii baba, hata kama katoni imekwishafunguliwa. Mimi nakunywa kwa ajili ya ladha, na ladha nitaitetea mbele ya yeyote. Afya siwezi kuitetea kwa chupa. Katoni ihifadhi mahali pa giza na baridi, kama chini ya kitanda upande usiopigwa na jua, chupa zenye vizibo vya gome zikiwa zimelala. Wageni wa Krismasi watazikuta salama.

Mimi naishi peke yangu na chupa nzima siimalizi. Nikiiacha hadi Jumamosi inayofuata itakuwa bado nzuri?
*Msomaji wa Tabata, Dar es Salaam*

Wiki nzima hapana. Kinachoua mvinyo ni hewa, na joto linaiharakisha hewa. Rudisha kizibo mara tu unapomaliza kumimina, siyo mwisho wa jioni, kisha weka friji, chupa ikiwa imesimama. Hivyo utapata siku mbili hadi tatu nzuri. Ukiwa na chupa ndogo ya soda ya kioo, ioshe mapema, ikauke. Siku ya kufungua, mimina humo nusu hadi shingoni kabisa, ufunge. Hewa ikikosa nafasi, mvinyo unaongeza siku. Utoe friji dakika kumi kabla ya kunywa, maana ukiwa baridi sana ukakasi unakuwa mkali na harufu zinajificha.

Siku ya nne onja. Ukiwa umechoka lakini haujawa siki, upeleke jikoni. Malbec yangu ya Jumapili ilibaki kikombe kimoja, na Jumatano niliitia kwenye rosti ya ng'ombe: vitunguu vikiisha kuwa vya kahawia, mvinyo unaingia kabla ya nyanya, unachemka hadi harufu ya kilevi iishe, ndipo nyama na maji. Saa moja na nusu kwa moto mdogo. Ukakasi wote uliishia kwenye mchuzi.