Nati ya sproketi ya mbele iliyogoma: rudisha kwanza mnyororo

Ndugu, umeeleza kwamba umekwisha kuondoa mnyororo wa zamani wa pikipiki yako, umeingiza gia ya kwanza, na kila ukivuta spana injini inazunguka huku nati ya sproketi ya mbele, yaani gurudumu dogo la meno linalovuta mnyororo, ikikataa kulegea. Nilifanya hivyohivyo nilipobadilisha mnyororo kwa mara ya kwanza, kisha nikaingiza bisibisi kati ya meno ya sproketi na kava ya injini ili kuizuia. Nati haikulegea, bali kipande cha kava kilimeguka, na hadi leo ninasikitika kila nikiiosha pikipiki hiyo.

Tatizo lako huenda si kutu. Shafti, yaani mhimili unaobeba sproketi hiyo, haijashikwa, kwa hiyo nguvu yako yote inaishia kuzungusha injini. Rudisha mnyororo wa zamani, hata kwa kiungo cha klipu cha muda, kwa kuwa ndio utakaoliruhusu gurudumu la nyuma kuizuia sproketi.

Kabla ya kuvuta, safisha matope na grisi kavu ili uone washa iliyo chini ya nati. Mara nyingi ukingo wake umekunjwa kuifunga nati, nao hauna budi kunyooshwa kwa patasi ndogo. Soma pia kitabu cha pikipiki yako ili ujue nati inafunguka upande gani. Na kama sproketi imeshikwa kwa kibati chenye bolti mbili ndogo, usitumie nguvu ninazozieleza hapa, kwani bolti hizo hukatika upesi.

Watu wengi hushangaa kuona breki ya nyuma inashindwa. Sproketi ya mbele ikiwa na meno 14 na ya nyuma 42, nguvu ya mzunguko unayoitia kwenye nati hufika kwenye gurudumu ikiwa mara 3. Ukivuta kwa nguvu ya kilo 40 kwenye mwisho wa mpini wa sentimita 60, nati inapata takriban nyutonimita 240 (kipimo cha nguvu ya mzunguko), na gurudumu linatakiwa kuzuia zaidi ya 700. Ndiyo maana mimi huegemeza gurudumu la mbele ukutani, mtu mzito akaketi juu ya pikipiki na kukanyaga breki, nami nikavuta taratibu bila kushtua. Kwa rimu ya aloi unaweza kupitisha boriti ya mbao kwenye gurudumu, mbele ya ekseli, ili ilale juu ya mikono miwili ya fremu inayobeba gurudumu hilo. Kwa rimu ya spoku usithubutu, kwa sababu spoku zitapinda.

Soketi iwe ya pembe 6, kwani ile ya pembe 12 hushika ncha tu za nati na kuzila. Isukume hadi mwisho, uishike kwa mkono wa pili isiinuke.

Ikiwa bado imekataa, nyunyizia mafuta ya kupenya kutu, uyaache usiku kucha, kisha uyafute kabisa kabla ya kufikiria joto, kwa maana yanawaka. Gundi kali ya hesi, ile inayopakwa ili nati isilegee, hulainika kwenye nyuzijoto zipatazo 250 za Selsiasi, lakini sili iliyo nyuma ya sproketi, inayozuia mafuta yasivuje, huharibika mapema zaidi. Kwa hiyo tumia mashine ya hewa moto, uielekeze kwenye nati peke yake, tangi la petroli likiwa limeondolewa, nawe ukubali kwamba huenda ukanunua sili mpya. Moto wa wazi siushauri kamwe, na kugonga ncha ya shafti kwa nyundo vilevile, kwa kuwa pigo hilo hupokelewa na beringi za gia.

Njia ya mwisho ni kutoboa nati upande mmoja, sambamba na shafti, ukiacha ukuta mwembamba usioguswa ili hesi za shafti zisalimike, kisha kuipasua kwa patasi. Nimelazimika kufanya hivyo mara moja tu, na nati ilipasuka kwa pigo la tatu.