Kwa nini chanjo ya miguu na midomo haidumu

Ndugu, umeuliza kwa nini ng'ombe wako, waliochanjwa mwaka jana dhidi ya ugonjwa wa miguu na midomo, wameanza tena kudondosha udenda na kuchechemea. Kwanza, mwaka mmoja ni muda mrefu mno: chanjo iliyopo, inayotengenezwa kwa virusi vilivyouawa, hulinda kwa takriban miezi 4 hadi 6. Pili, kirusi kina aina kuu 7, na kinga ya aina moja haizuii nyingine. Huku Afrika Mashariki zinazosumbua hasa ni O, A, SAT 1 na SAT 2, hivyo soma maandishi ya chupa kabla ya kulipa.

Udhaifu mkubwa, kwa maoni yangu, uko kwenye ganda la kirusi. Likiwa zima huamsha kinga vizuri, ila likipata joto humeguka vipande ambavyo havifanyi kazi hiyo ipasavyo, na SAT 2 ni miongoni mwa zinazomeguka upesi. Mwaka 2013 watafiti wa Uingereza, wakiwemo wa Taasisi ya Pirbright inayochunguza magonjwa ya virusi ya mifugo, walionyesha kwamba ganda tupu lisilo na jeni za kirusi linaweza kutengenezwa na kuimarishwa, bila kiwanda kufuga kirusi hai. Hilo si jambo dogo, kwani mwaka 2007 kirusi kilivuja kutoka eneo hilohilo la Pirbright. Kwa sasa, chupa ikitolewa mfukoni badala ya kwenye kasha lenye barafu, ikatae.