Shangazi wa Ndoana: Anadona, Navuta, Hayupo

Barua zenu zimerundikana. Mwezi huu nazijibu tatu, na ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu wengi wenu mnalia kilio hicho hicho. Na nyie mnaoendelea kuniletea habari za wachumba wenu, nawakumbusha kwa mara nyingine: safu hii ni ya ndoana, si ya ndoa.

Shikamoo Shangazi. Mimi ni kijana wa Kigoma, naishi Fort Worth, Texas, na wenzangu kazini wameniingiza kwenye uvuvi wa besi, samaki wa maji baridi mwenye domo kubwa. Natumia nyungunyungu wa plastiki wa inchi 7, nimemfunga kwa mtindo wa Texas: chubwi mbele, ncha ya ndoana imefichwa ndani ya plastiki. Samaki wanadona, nawasikia kabisa mkononi. Navuta kwa nguvu zangu zote, nyungunyungu anarudi amekatika mkia, au amejikunja wote chini ya ndoana, na samaki hayupo. Mwenzangu mmoja anasema navuta mapema, mwingine anasema nachelewa, wa tatu kaniambia nihesabu mpaka kumi. Nimsikilize nani?

Marahaba, mwanangu. Huyo wa kumi mwache kabisa. Na kabla hatujafika kwenye mapema na kuchelewa, mtazame nyungunyungu mwenyewe, maana umenitajia mambo mawili tofauti ukayafunga furushi moja.

Akirudi amekatwa mkia tu, kichwa na kiwiliwili vizima, aliyedona hakuwa besi. Ni vile visamaki bapa vinavyoitwa bluegill, umbo la perege mdogo, mdomo hauzidi ncha ya kidole. Hivyo hudona haraka haraka, taka-taka-taka, bila kupumzika. Hata ukivuta kwa trekta huvipati, kwa sababu ndoana iko inchi nne kutoka mdomoni mwao. Ukisikia taka-taka, tulia, msogeze nyungunyungu hatua mbili tatu, endelea na kazi yako.

Akirudi amejikunja na kurundikana kwenye mpindo wa ndoana, pitisha kidole juu ya plastiki. Ukikuta imekwaruzwa kama iliyopigwa msasa, huyo alikuwa besi. Besi hana meno ya kukata, ana vijino vidogo vidogo vingi vya kukwaruza. Nyungunyungu alikuwa mdomoni mwake mzima mzima, na wewe ukashindwa kuitoa ncha ya ndoana kwenye plastiki. Hapo ndipo pa kutibu.

Elewa kwanza anavyokula. Besi hamng'ati nyungunyungu. Anafungua lile domo ghafla, maji yanaingia kwa nguvu na chambo humo humo, kisha maji yanatokea kwenye matamvua. Unachosikia wewe mkononi ni tik moja, pengine mbili. Maana yake, ukiisikia tik, nyungunyungu ameshaingia. Huna cha kuhesabu. Ushauri wa kusubiri ni wa wazee wa zamani, enzi za nyungunyungu wa mwanzo kabisa, wale alioanza kuwatengeneza Nick Creme wa Akron, Ohio, mwaka 1949, kabla biashara yake haijahamia Tyler huko huko Texas kwenu. Walikuwa wakimwachia samaki akimbie nao kwanza. Siku hizi ukimwachia, moja kati ya mawili: atagundua kwamba anatafuna plastiki auteme, au aumeze mpaka ndoana ifike kooni. Na Lake Fork, bwawa la huko huko Texas ambako najua wenzako watakupeleka wakishakuamini, besi wa kati ya inchi 16 na 24 ni lazima arudishwe majini. Kumrudisha aliyetobolewa koo ni kurudisha maiti.

Kwa hiyo usichelewe. Lakini anayekuambia unavuta mapema naye ana kijisehemu cha ukweli, ila amekiita jina lisilo lake. Huvuti mapema. Unavuta mshipi ukiwa umelegea.

Nyungunyungu wa Texas anavuliwa kwa kuinuliwa na kuachiwa azame. Wakati anazama ndipo wengi hudona, na wakati huo mshipi una tumbo, umelala majini. Ukipiga kwenda juu hapo, mwendo mwingi wa mkono wako unaishia kukunjua huo ulegevu, unaobaki unamezwa na nailoni inayonyumbuka, na kinachofika kwenye ndoana hakitoshi kutoboa plastiki, sembuse taya. Huniamini? Toa ndoana, funga mshipi kwenye mizani ya kuning'iniza, mpe mwenzako aishike umbali wa hatua thelathini uwanjani. Legeza mshipi, piga kwa nguvu zako zote, akusomee. Kisha kaza, piga tena kwa nusu ya nguvu, akusomee. Nimewaona wanaume wenye vifua vipana wakiitazama ile mizani na kudai imeharibika.

Sasa fanya hivi. Tik. Shusha ncha ya ufito kuelekea alipo samaki, huku unazungusha rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, upesi, mpaka ufito uwe karibu sambamba na maji na uhisi uzito. Uzito, si mshtuko. Hapo hapo, viwiko vikiwa vimebana mbavu, inua kwenda juu kwa mkupuo mmoja, kifua kikirudi nyuma kidogo. Rili isisimame. Mwanzo mpaka mwisho ni muda wa kusema bismillahi. Usikae katikati ukimvuta kidogo kidogo kusikiliza kama bado yupo. Yupo, na akihisi tu anavutwa anatema. Na ukishamkita, yaani ndoana ikishaingia tayani, usimpige mara ya pili kwa furaha, maana unapanua tundu ambalo ndoana imelitoboa.

Kuna jambo dogo linaloharibu haya yote: wengi humchezesha nyungunyungu ufito ukiwa umesimama wima. Samaki akidona ufito uko juu, utaupeleka wapi tena? Ncha isipite sana usawa wa macho yako. Mwinue nyungunyungu kidogo, shusha, kunja ulegevu, mwinue tena.

Na weka kidole kwenye mshipi. Mimi nimekulia Tanga, tulivua changu kwa mshipi wa mkono, na baba hakuruhusu mtu azungumze na mwenzake huku mshipi haujapita juu ya kidole cha shahada. Hawa wenzetu wana fito za mamia ya dola, halafu wanausubiri ufito uwaambie kuna nini. Ulaze mshipi kwenye kidole mbele ya rili. Utasikia chubwi likipanda juu ya mti, likigusa changarawe, likizama kwenye tope. Lake Fork ni bwawa la mwaka 1980, misitu mingi iliachwa imesimama ndani, kwa hiyo chini ni magogo matupu. Kidole kikishazoea magogo, samaki atajitambulisha mwenyewe.

Tena kuna kudona kusikosikika, na macho ndiyo hukunasia huyo. Ukirusha, tazama pale mshipi unapoingia majini. Kama umekuwa ukizama kwa muda fulani kila ukirusha, na mara hii umelegea nusu ya njia, chubwi halijafika chini, kuna mdomo umelipokea. Mshipi ukitembea pembeni bila upepo, vivyo hivyo. Usisubiri tik. Kunja, kita.

Vifaa nitavipitia upesi, kwa sababu watu hupenda kununua kuliko kufanya mazoezi. Ufito wa futi 7, mgumu katikati na chini, ncha pekee ndiyo ipinde. Ufito laini unaopinda mpaka mkononi haukiti ndoana iliyofichwa. Mshipi wa florokaboni, plastiki isiyovutika kama nailoni, wa kubeba pauni 15 unatosha. Nailoni ya kawaida inavutika mno kwa kazi hii ukiwa umerusha mbali. Breki ya rili ikaze: ukipiga na kusikia rili ikilia, nguvu yako imeishia kwenye rili.

Ndoana ndiyo nataka uitazame kwa karibu. Kwa nyungunyungu wa inchi 7 chukua ile ambayo shingo yake imepindwa karibu na tundu la mshipi, namba 3/0, yenye nafasi pana kati ya mpini na ncha. Nafasi hiyo ndiyo siri ya kule kujikunja ulikonieleza. Plastiki ikigandamizwa na taya ni lazima ipate pa kwenda, na nyungunyungu mnene kwenye ndoana nyembamba anaijaza nafasi yote, ncha haioni mlango. Ukipanda kwa nyungunyungu wa inchi 10, panda na ndoana, 5/0.

Kumvisha: usiiache ncha katikati ya nyama ya plastiki. Itoboze mpaka itokee upande wa pili, kisha irudishe nyuma kidogo, uichomeke chini ya ngozi tu, unene wa karatasi. Ukipitisha kidole uisikie, lakini jani lisinase. Nyungunyungu alale amenyooka. Akipinda atazunguka majini na kuupotosha mshipi. Kisha iburute ncha polepole juu ya ukucha wa dole gumba. Ikikwaruza na kugoma, ni kali. Ikiteleza, ipige tupa au itupe. Ndoana iliyogonga magogo asubuhi nzima haina ukali wa dukani, na watu wanaibakiza siku nzima kwa sababu bado inang'aa.

Habari Shangazi. Niko Naivasha, Kenya. Kuna mgeni ameniachia pakiti ya nyungunyungu wa plastiki na mshipi wa kusukwa. Besi wetu wa hapa watakula chambo hicho kweli? Nikipiga karibu na mafunjo, nyungunyungu ananasa kwenye majani, na nikibahatika kumshika samaki anachomoka akifika karibu na mashua.

Watakula, ndugu yangu. Besi wenu asili yake ni Marekani, waliletwa ziwani humo mwaka 1929. Na yule kamba mwekundu wa maji baridi aliyeletwa mwaka 1970, naye ni wa Louisiana, kwa hiyo mlo na mlaji wametoka kijiji kimoja. Chagua kwenye pakiti wale wa rangi ya kahawia iliyokolea au nyekundu ya damu, mfupi mfupi, inchi 5, na umburute chini polepole kama kamba anavyotambaa.

Kwenye majani, ficha ncha nilivyomwelekeza kijana wa Fort Worth, na uzuie chubwi lisitelezeteleze: chomeka kijiti cha meno kwenye tundu lake, uvunje kilichobaki. Likiachana na nyungunyungu, chubwi linapita upande huu wa bua na nyungunyungu upande ule.

Huyo anayechomoka karibu na mashua, mshtaki mshipi wa kusukwa. Haunyumbuki hata kidogo. Ukikita nao kwa nguvu ile ile ya nailoni unamchana mdomo, tundu linakuwa kubwa, na akija karibu akaruka na kutikisa kichwa ndoana inaanguka. Punguza pigo liwe nusu, na ukishamkita legeza breki kidogo. Kwenye mafunjo mazito ni mshipi mzuri sana, kwa hiyo usiutupe.

Na ukingoni mwa mafunjo asubuhi, unajua kuliko mimi ni nani mwingine yuko pale. Kiboko hasubiri ukunje mshipi. Ukiona mapovu, acha hata samaki aliyenasa.

Shikamoo Shangazi. Mwanangu wa miaka 10 anataka kuvua, tuko Houston. Nimemnunulia nyungunyungu hao hao, lakini hana nguvu za kupiga ufito. Nimsubirishe akue?

Marahaba, mama. Usimsubirishe, mbadilishie mtindo. Chukua yule nyungunyungu mnene aliyenyooka asiye na mkia wa kuchezacheza, inchi 5, umtoboe katikati ya kiuno kwa ndoana ndogo ya waya mwembamba, ncha ikiwa wazi, bila chubwi. Anazama polepole huku ncha zote mbili zikitikisika zenyewe, mtoto hana cha kufanya zaidi ya kurusha na kungoja. Mpe ufito mwepesi wenye rili ya kuning'inia chini na mshipi wa pauni 8.

Hapa hakuna kupiga. Ncha haijafichwa, na waya mwembamba unaingia wenyewe. Mfundishe maneno haya tu: mshipi ukienda, zungusha mpaka ufito upinde, kisha inua. Akipiga kwa nguvu ataukata mshipi au atamnyang'anya samaki chambo mdomoni. Nimewaona watoto wakiwashinda baba zao kwa mtindo huu, na baba mmoja alinuna mpaka jioni.

Kijino cha ndoana, kile kinachoizuia isichomoke, kibane kwa koleo kabla hajaishika, maana kidole chake kitanasa kabla ya samaki. Mshipi ukikazwa muda wote samaki hatoki hata bila kijino. Yeye hahitaji leseni mpaka afikishe miaka 17. Wewe ukishika ufito unahitaji, isipokuwa mkivua kutoka ukingoni ndani ya hifadhi za jimbo la Texas, ambako leseni haidaiwi, mtalipia kiingilio tu. Brazos Bend iko karibu na kwenu, ina maziwa madogo na besi wamo, lakini ina mamba wa Kimarekani, kwa hiyo samaki mliowavua msiwaning'inize majini.