WRC2 si mbio za wasindikizaji: maswali yenu na majibu

Barua nyingi za wiki hizi zinahusu vitengo vinavyokimbia nyuma ya magari ya Rally1, yale ya daraja la juu katika Ubingwa wa Dunia wa Rali (WRC). Vitengo hivyo ni WRC2, WRC3 na Junior WRC. Nimefurahi, kwa kuwa huko ndiko dereva wa Afrika Mashariki anakoweza kujipima leo, si kesho. Nimechagua machache.

Rally2 na WRC2 si kitu kimoja? (Msomaji wa Eldoret)

Si kitu kimoja, na mwaka huu nimeshalijibu hili mara tatu. Rally2 ni gari: injini ya lita 1.6 yenye turbo, magurudumu yote manne yanavuta, nguvu farasi kama 290, uzito usiopungua kilo 1,230. WRC2 ni ubingwa. Dereva anaweza kumaliza Safari, duru ya Kenya ya ubingwa wa dunia, akiwa na Škoda Fabia Rally2 na asipate hata pointi moja ya WRC2, kwa sababu hakujiandikisha kuzitafuta katika duru ile. Kwa hiyo mnaponitumia picha za matokeo mkilalamika kwamba fulani ameporwa ushindi, tazameni kwanza orodha ya walioingia kama jina lake limewekwa kwenye WRC2. Mtu anayesambaza jedwali bila kuisoma orodha hiyo anaeneza uongo, hata kama hakukusudia.

Bingwa wa WRC2 mwaka 2025 ni nani?

Oliver Solberg wa Sweden, ndani ya Toyota GR Yaris Rally2.

Madereva wetu wakija Safari wanasindikiza Wazungu tu. Kwa nini hakuna Mkenya aliyewahi kuwa bingwa wa WRC2 au WRC3? Si kwamba hawawezi? (Msomaji wa Nakuru)

Neno hilo "wanasindikiza" nalisikia kila mwaka, na kila mwaka linaniudhi. Tuanze na yaliyotokea mbele ya macho yetu. Safari iliporudi kwenye ratiba ya dunia mwaka 2021, baada ya kukosekana tangu 2002, Onkar Rai na mwelekezi wake Drew Sturrock walimaliza wa saba kwa jumla katika Volkswagen Polo GTI R5 (R5 ni jina la zamani la Rally2), wakachukua ushindi wa WRC3. Nyuma yao Karan Patel akawa wa nane na Carl Tundo wa tisa. Magari ya kiwanda yalikuwa yakivunjika huku na huku. Thierry Neuville mwenyewe, wa timu ya Hyundai, alikuwa anaongoza asubuhi ya Jumapili hadi shokapu lilipomharibikia. Wetu walifika kwa sababu waliijua barabara ya mawe, walijua wapi pa kukaza na wapi pa kuachia. Mwaka uliofuata, 2022, Maxine Wahome akashinda WRC3 katika Ford Fiesta Rally3, gari la ngazi moja chini ya Rally2, akielekezwa na Murage Waigwa.

Kabla ya hapo tulikuwa na Patrick Njiru, aliyeiendesha Subaru Vivio yenye injini ya cc 660 katika Safari ya 1993, akamaliza wa kumi na mbili na kushinda daraja lake, wakati Colin McRae, nyota wa dunia mwenye gari kama hilo, hakumaliza. Ian Duncan alishinda Safari nzima mwaka 1994. Mkono tunao.

Tusichokuwa nacho ni msimu. Ubingwa haupatikani kwa duru moja ya nyumbani. Dereva wetu anaingia Safari, anapambana siku nne, halafu anasubiri miezi kumi na miwili. Mwenzake wa Finland katika muda huo ameshaendesha kwenye theluji ya Sweden, lami ya Croatia, changarawe ya Ureno na mawe ya Ugiriki. Mkenya McRae Kimathi alipokwenda Rally Sweden mwaka 2022 katika Junior WRC, kijana aliyekulia kwenye vumbi akiendesha juu ya barafu kwa tairi zenye misumari, wako waliomcheka kwa muda wake. Mimi niliona jambo moja: hatimaye mtu ametumwa.

Wala msiniambie ubingwa ni wa Wazungu. Karamjit Singh wa Malaysia alitwaa ubingwa wa dunia wa magari ya Production, yaani yaliyo karibu na yale ya kuuzwa madukani, mwaka 2002 akiwa na Proton. Nasser Al-Attiyah wa Qatar alitwaa WRC2 mara mbili mfululizo, 2014 na 2015. Diego Dominguez wa Paraguay alikwenda Ulaya msimu baada ya msimu, akashindwa, akarudi tena, na mwaka 2024 akawa bingwa wa WRC3. Paraguay ilipata duru yake ya kwanza ya dunia mwaka 2025. Yaani bingwa walimpata kabla hawajapata mashindano. Sisi mashindano tunayo. Fedha zinazotengenezea majukwaa ya wageni waalikwa kule Naivasha, makao ya Safari, zingekatwa kipande tu, zimpeleke kijana mmoja duru tano za Ulaya kwa miaka mitatu, na kocha wa kumfundisha kuandika noti za barabara, yale maelezo ya kona ambayo mwelekezi humsomea dereva. Nitalisema hili hadi lifanyike.

Junior WRC ni ya watoto wa umri gani?

Si ya watoto. Ni ya vijana wenye leseni kamili ya mashindano, wengi wao wa miaka ishirini na kitu. Wote wanaendesha gari la aina moja, Ford Fiesta Rally3 zinazotayarishwa na M-Sport, tairi zilezile, kwa hiyo hakuna pa kujificha. Sébastien Loeb alianzia huko mwaka 2001, Sébastien Ogier akawa bingwa wake 2008, na kila mmoja baadaye alichukua ubingwa wa dunia mara tisa. Elfyn Evans alishinda 2012, wakati ubingwa huo ukiitwa Academy. Anayetaka kumjua nyota wa miaka mitano ijayo aache kutazama jukwaa la Rally1 peke yake.

Mwaka 2024 anayeongoza WRC2 hakwenda duru ya mwisho. Aliogopa? (Msomaji wa Kampala)

Hakuogopa, alikuwa amemaliza hesabu yake. Kwa kanuni za msimu ule, dereva wa WRC2 alichagua duru saba za kutafutia pointi, na matokeo sita bora ndiyo yaliyohesabiwa. Oliver Solberg alishatumia duru zake zote. Sami Pajari bado alikuwa na moja, Japani. Akaenda, akapata alichohitaji, ubingwa ukawa wake huku mpinzani wake akifuatilia kwa mbali.

Nia ya kanuni hiyo naielewa: kuzunguka dunia nzima ni gharama, na timu ndogo haziwezi. Lakini matunda yake siyapendi. Wapinzani wawili wakubwa wanaweza kukwepana karibu msimu mzima, na duru ngumu za mbali ndizo zinazoachwa. Safari inaumia hapo. Mtu mwenye nafasi saba hataki kuipoteza moja kwenye mto uliofurika ghafla au kwenye vumbi laini la fesh-fesh linaloficha jiwe la kuvunja mkono wa gurudumu. Ndiyo maana orodha ya WRC2 Naivasha huwa fupi kuliko ya Ureno. Wanaokuja nawaheshimu. Gus Greensmith ameshinda WRC2 ya Safari 2024 na 2025, na hakushinda kwa mwendo tu. Alijua kupunguza pale wengine walipovunja. Pendekezo langu ni kwamba Safari iwe na pointi za ziada kwa WRC2, au iwe duru ya lazima.

Nimepata gari la Rally2 lililotumika Ulaya kwa bei nzuri. Nilinunue nianze nalo? (Msomaji wa Arusha)

Hapana, kaka. Usilinunue.

Kununua ni sehemu ndogo. Injini na gia za magari haya hufunguliwa na kukaguliwa kwa kilomita, si kwa kusubiri ziharibike, na vipuri havipatikani kwa fundi wa mtaani. Nilishawahi kukaa karakanani na rafiki aliyeuziwa gari kama hilo kwa picha. Lilikuwa linang'aa. Tulipofungua, mikanda ilikuwa imepita mwaka wake, viti vimepita, tangi la mafuta limepita. Mkaguzi hakumruhusu kuanza, na alikuwa sahihi. Kubadilisha vitu hivyo kulimaliza fedha za msimu.

Mikanda, viti na tangi vina lebo yenye mwaka. Isome kabla ya kuuliza lolote kuhusu injini. Kagua kizimba cha chuma kama kimewahi kupinda au kuchomelewa upya bila hati. Helmeti na kifaa cha HANS cha kuzuia shingo nunua vipya, vyako na vya mwelekezi wako. Usimwazime mwenzako helmeti ambayo hujui imeanguka wapi.

Baada ya hapo anza na gari dogo la kuvuta magurudumu mawili, ukimbie duru za Tanzania, ukimalize kila unachokianza kwa msimu mzima. Ukishajua kuandika noti na kuziamini, nenda Rally3. Rally2 ije ikiwa mkono wako umeshalidai. Gari lenye nguvu huficha makosa ya dereva mpaka siku lisipoweza tena kuyaficha, na pembeni yako ameketi mtu mwingine.

Nikisimama wapi Sleeping Warrior, mmoja wa mikondo ya Safari, nitawaona WRC2 kwa karibu?

Pale walinzi wa mkondo (kipande cha barabara kinachofungwa kwa ajili ya mbio) watakapokuelekeza, juu kuliko barabara, kamwe si upande wa nje wa kona. Neno "karibu" lifute.

Na hapa nina jambo ambalo hukuliuliza. Kila mwaka naona watu wakianza kutembea barabarani magari ya Rally1 yakishapita, wengine na watoto mgongoni, wengine wakivusha mbuzi. Wanadhani mashindano yameisha. Nyuma yake kuna Rally2, kuna Rally3, kuna madereva wa kitaifa, na kila mmoja anakuja kwa mwendo ambao hutaweza kuukimbia ukishamsikia. Vumbi likiwa limetanda, dereva hakuoni kabisa. Mkondo unabaki umefungwa mpaka lipite gari la mwisho la waandaaji, lile linalofagia nyuma. Kama hujaliona, usiikanyage barabara. Wewe mwenye pikipiki unayetaka kuwahi mkondo unaofuata, nakusihi kwa namna ya pekee. Waambie na jirani zako, maana wengi wao hawasomi hapa.

Ni kweli Rally1 inakufa 2027?

Kanuni mpya zinaanza 2027. Gari jipya la daraja la juu limewekewa kikomo cha bei cha euro 345,000, na sehemu zake nyingi za mitambo zinatoka kwenye Rally2. Nguvu zao zitakaribiana, hivyo pengo kati ya mbele na nyuma litapungua sana. Wapo wanaolia kwamba kasi itashuka. Mimi nakumbuka Onkar Rai wa saba mwaka 2021, na pengo lililokuwepo siku ile baina ya gari lake na magari ya kiwanda. Likipungua, madereva wetu ndio watakaofaidika.

Mbona hujibu maswali ya Formula 1?

Kwa sababu tangu mwanzo safu hii ni ya rali.