Kijiji kimo, kiko au kipo mlimani?

Swali: Naandika maelezo mafupi ya kijiji cha Mtae, wilayani Lushoto. Nimeandika: «Kijiji cha Mtae kimo juu ya kilele katika milimani ya Usambara, na kilianzishwa na Wajerumani.» Mwenzangu mmoja anataka «kiko», mwingine «kipo». Nani yuko sahihi?

Jibu: Wote wawili wanakushinda. «Kimo» hudai kitu kiwe ndani ya kingine. Mji mdogo wa Mlalo, jirani ya Mtae, umekaa kwenye bonde lililozingirwa na milima, kwa hiyo umo bondeni. Mtae ni kinyume chake: nyumba zimejipanga juu ya mgongo wa mlima, ukingoni kabisa kaskazini-magharibi mwa Usambara, na chini ya genge ni nyika ya Mkomazi. Hakuna «ndani» hapo.

«Kiko» humtosha msomaji asiyejua mahali penyewe: kiko wapi? Kiko Usambara. «Kipo» huashiria mahali mahususi, kama vile unaonyesha kwa kidole: kipo hapa, kwenye ncha hii ya ramani. Pia hueleza kuwepo tu: kijiji bado kipo, hakijahamwa. Siku hizi wengi huvichanganya viwili hivi na sitawagombeza, ila kwa sentensi ya kufungulia maelezo ningechukua «kiko».

Kosa zito hukuliuliza. «Katika milimani ya» ni kosa mara mbili. Kiambishi -ni tayari kina maana ya «katika», basi chagua kimoja: katika milima, au milimani. Tena nomino ikishapokea -ni, maneno yanayoifuata hufuata mahali, hayafuati tena nomino. Ndiyo maana twasema mlimani kwetu, si «mlimani wetu». Kijijini pale, si «kijijini kile». Ukitaka kuongeza sifa, achana na -ni: kwenye mlima mrefu. «Mlimani mrefu» haisemeki. Na majina ya pekee hayaongezwi -ni: Mtae, Lushoto, basi.

«Kilele» nacho ni ncha ya juu kabisa. Mahali parefu pembamba panapopitika kwa miguu juu ya mlima ni mgongo. Usiite nyika ya chini jangwa pia. Washambaa wenyewe hutofautisha Shambaai, yaani huko juu kwenye mvua na migomba, na nyika.

Kuhusu «kilianzishwa», sarufi ni safi ila historia imepinda. Wamisionari Wajerumani walifika sehemu hizo miaka ya 1890 wakawakuta Washambaa wakiishi chini ya watawala Wakilindi, ambao makao yao makuu yalikuwa Vuga. Wajerumani walijenga misheni, na Lushoto wakauita Wilhelmstal. Kujenga misheni si kuanzisha kijiji. Kitenzi unachokitaka ni «kilikuwapo» («kilikuwepo» pia imeshazoeleka), nacho huenda vizuri na -po- ya wakati: walipofika.

Ningeandika hivi: «Kijiji cha Mtae kiko kwenye mgongo wa mlima, ukingoni mwa Milima ya Usambara. Wamisionari Wajerumani walipofika miaka ya 1890, kijiji kilikuwapo tayari.»